Kingamwili ya Sungura: Funzo la A-Unganifu katika Kiswahili cha Maabara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza fungu moja dogo la maneno, yaani 'kingamwili ya sungura', jinsi linavyotumika katika maabara za utafiti na jinsi linavyoeleweka nje yake. Kwanza, makala yanaeleza kingamwili hiyo ni kitu gani, hutengenezwaje na hutumiwaje kutambua protini. Pili, yanaonyesha kwamba a-unganifu katika fungu hilo hubeba maana zaidi ya moja, na kwamba nomino 'kingamwili' yenyewe humwelekeza msomaji kusikokusudiwa. Tatu, yanatoa mfano wa kihistoria wa kingamwili iliyowapotosha watafiti, ili ibainike kuwa suala la kutambua kisicho sahihi si la wanalugha peke yao. Mwisho, yanapendekeza namna ya kutafsiri matini za aina hii bila kumpotosha msikilizaji wala kumficha jambo.

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Makala haya yamezaliwa na swali, na aliyeuliza hakuwa mwanafunzi wala mhadhiri.

Miaka miwili iliyopita, mwanafunzi mwenzangu wa shahada ya uzamili, yeye wa biokemia nami wa fasihi ya Kiswahili, aliniomba nimtafsirie karatasi ya ridhaa. Utafiti wake ulihitaji vipande vidogo vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepangiwa upasuaji wa kuuondoa uvimbe huo. Kila mgonjwa alistahili kusomewa karatasi kwa lugha anayoielewa, kisha akubali au akatae kwa hiari yake. Karatasi ya asili ilikuwa ya Kiingereza. Nilijiona nimepewa kazi ya jioni moja, na kwa kweli niliimaliza jioni moja. Miongoni mwa sentensi nilizoziandika ni hii: 'Tutatumia kingamwili ya sungura kutambua protini katika uvimbe wako.'

Mama mmoja wa makamo alisomewa karatasi hiyo hadi mwisho. Akauliza: "Mwanangu, hiyo dawa ya sungura mtanidunga wapi?" Mwenzangu alijaribu kumweleza kuwa hakuna atakayedungwa. Mama akamsikiliza kwa adabu, akaikaza leso yake, akasema: "Mwili wangu umeona mengi. Hilo la sungura niachieni." Hakutia alama ya kidole.

Niliposimuliwa kisa hiki nilicheka. Kisha nikaisoma upya sentensi yangu na kicheko kikanikauka. Mama yule hakukosea. Aliisoma sentensi kama Kiswahili kinavyoruhusu isomwe, nami ndiye niliyeandika nisichokikusudia. Ndiposa nikaona si vyema kulinyamazia jambo hili, hasa katika jarida la chama chetu ambamo aghalabu tunajisifu kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Kinaweza, naam. Lakini mzigo hubebwa vizuri na anayejua kilichofungwa ndani.

Kingamwili ni nini?

Mwili wa mnyama unapoingiwa na kitu kigeni, kwa mfano bakteria, virusi au protini ya kiumbe kingine, chembechembe fulani nyeupe za damu hutengeneza protini maalumu za kushikana na kigeni hicho. Protini hizo ndizo kingamwili. Kitu kinachosababisha zitengenezwe huitwa antijeni. Kingamwili ya aina ya kawaida katika damu ina umbo linalofanana na herufi Y, imeundwa kwa minyororo miwili mizito na miwili miepesi, na uzito wake hukaribia kilodaltoni 150. Ncha mbili za juu za Y ndizo zinazoshika antijeni. Hazishiki antijeni nzima, bali sehemu yake ndogo tu. Mathalani, mtu anaweza kumtambua rafikiye gizani kwa kupapasa kovu la mkononi bila kuuona uso wake.

Sungura ameshiriki katika elimu hii tangu mwanzo. Mwaka 1890, huko Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya sungura aliyepewa kinga dhidi ya pepopunda iliweza kumkinga panya dhidi ya sumu ya ugonjwa huo. Seramu ni maji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda. Behring alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1901. Mwenzao Paul Ehrlich, ambaye maandishi yake ya mwaka 1891 ni miongoni mwa ya kwanza kutumia neno la Kijerumani lililozaa istilahi ya kimataifa ya kingamwili, alituzwa mwaka 1908. Mwaka 1959 Rodney Porter, huko Uingereza, aliikata kingamwili iliyotoka kwa sungura kwa kutumia kimeng'enya cha papai, akapata vipande vilivyosaidia kufichua umbo lake. Yeye na Gerald Edelman wa Marekani waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Msomaji aliyelelewa kwa ngano zetu anamjua sungura mjanja anayemlaghai fisi na kumkejeli simba. Sungura wa maabara hana hila yoyote. Hudungwa protini ambayo mtafiti anataka kuitafuta baadaye, ikiwa imechanganywa na kichochezi cha kuuamsha mwili. Hudungwa tena baada ya majuma kadhaa, na tena. Baada ya miezi miwili au mitatu hivi, damu hutolewa katika mishipa ya masikio yake mapana, ikaachwa igande, na seramu ikachujwa. Ndani ya seramu hiyo mna kingamwili za kila namna ambazo sungura amewahi kuzitengeneza maishani mwake. Zile zinazoishika protini inayotafutwa ni sehemu ndogo tu. Kwa sababu hiyo, wataalamu makini huipitisha seramu juu ya protini iliyogandamizwa mahali pamoja. Kingamwili zinazohusika hunasa pale, nyingine huoshwa zikaenda zake.

Kwa nini sungura? Yeye hutoa damu nyingi kuliko panya, hufugika kwa urahisi, na mwili wake huweza kuzitambua hata tofauti ndogo ambazo mwili wa panya hauzijali. Isitoshe, protini ya panya ikidungwa panya mwenzake, aghalabu mwili huiona kama yake na kuinyamazia. Sungura huiona kuwa ngeni.

Nasaba nyingi na nasaba moja

Kila ukoo wa chembechembe zinazotengeneza kingamwili hutoa kingamwili ya namna moja tu. Sungura aliyedungwa protini moja huamsha koo nyingi kwa pamoja. Ukoo mmoja hutoa kingamwili zinazoshika upande huu wa protini, mwingine upande ule. Mchanganyiko huo ndio wanaouita kingamwili za poliklonali. Kinyume chake ni kingamwili za monoklonali, ambazo zote hutoka katika ukoo mmoja wa chembechembe na zote hushika mahali pamoja. Mbinu ya kuzitengeneza hizi za pili ilitangazwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, nao wakatuzwa Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Hapa mfasiri hukutana na mtihani wake wa kwanza. Akisema 'kingamwili za koo nyingi', msikilizaji anaweza kudhani ni dawa ya makoo yanayowasha, kwa kuwa 'koo' ni wingi wa 'ukoo' na pia ni kiungo kilichoko shingoni. Akisema 'kingamwili za poliklonali', amepata neno linalopatana na lugha za kimataifa, ila halimwambii lolote asiyelijua. Pendekezo langu ni 'kingamwili za nasaba nyingi' na 'kingamwili za nasaba moja'. Neno 'nasaba' lina maana ya ukoo bila utata wa koo, na kwa mpenzi wa fasihi lina mwangwi wa tendi, ambamo shujaa hutambulishwa kwanza kwa nasaba yake.

Kila aina ina faida na hasara. Kingamwili za nasaba nyingi ni kama mashahidi wengi waliosimama pembe mbalimbali. Hata protini ikibadilika kidogo upande mmoja, wapo watakaoitambua upande mwingine. Lakini katika umati huo huenda pia akawamo shahidi anayemfananisha mtu na asiye yeye. Fauka ya hayo, sungura huzeeka na hufa. Atakayeshika nafasi yake hawezi kutoa mchanganyiko uleule, hata akidungwa protini ileile.

Jinsi protini inavyotambuliwa

Njia mojawapo inayotumika sana ni hii. Chembechembe za kiungo husagwa, protini zake hutandazwa kwa nguvu za umeme ndani ya jeli, na zile ndogo hukimbia mbele huku zile kubwa zikibaki nyuma. Kisha huhamishwa kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando mwembamba. Utando huo huloweshwa, na jambo hili huwastaajabisha wengi, katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa kwa maji yenye chumvi. Protini za maziwa huziba nafasi tupu ili kingamwili isije ikanata ovyo. Halafu hutiwa kingamwili iliyotoka kwa sungura, ambayo huenda kuishika protini yake. Hata hivyo kingamwili hiyo haionekani kwa macho. Hivyo hutiwa kingamwili ya pili, aghalabu iliyotoka kwa mbuzi, inayoishika ile ya sungura. Hii ya pili imefungwa pamoja na kimeng'enya kinachotoa rangi au mwanga. Mwanga ukionekana kama mstari, mtafiti hutazama mstari huo umesimama mahali pa uzito gani, akaulinganisha na uzito wa protini anayoitafuta.

Jina la njia hii lina mafunzo kwa mwanaisimu. Mwaka 1975 mtaalamu wa Uingereza, Edwin Southern, alibuni njia ya kuhamisha vipande vya DNA kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando, nayo ikaitwa kwa jina lake. Kwa kuwa jina hilo la ukoo kwa Kiingereza lina maana ya 'a kusini', waliofanya hivyo kwa RNA wakaiita yao ya kaskazini kwa mzaha. Ile ya protini, iliyotangazwa mwaka 1979, ikaja kubatizwa na W. Neal Burnette mwaka 1981 jina la magharibi. Mfasiri asiyekijua kisa hiki ataandika 'mbinu ya Kimagharibi', na msomaji wake atadhani kwamba kuna mbinu ya Kiafrika au ya Kiasia inayopingana nayo. Ni mzaha uliopoteza kicheko njiani. Ni afadhali kusema kwa uwazi 'uhamishaji wa protini kwenye utando' kuliko kutafsiri dira isiyoelekeza popote.

A-unganifu na utata wake

Sasa turudi kwa sentensi yangu. Sote tulifunzwa kwamba a-unganifu huonyesha umilikaji: kitabu cha Juma, nyumba ya mjomba. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Hebu tuitazame mifano ifuatayo:

(a) maziwa ya mbuzi: kitu kinachotoka kwa mbuzi;
(b) mkate wa ngano: kitu kilichotengenezwa kwa ngano;
(c) dawa ya mbu: kitu cha kuwaangamiza mbu;
(d) chanjo ya ukambi: kitu cha kuuzuia ukambi;
(e) dawa ya mtoto: kitu cha kutumiwa na mtoto.

Mfano ulio bora zaidi ni jozi hii: 'sumu ya nyoka' na 'sumu ya panya'. Muundo ni ule ule: nomino, a-unganifu, nomino. Hata hivyo hakuna Mswahili anayefikiri kuwa sumu ya panya hukamuliwa kutoka katika meno ya panya, wala kwamba sumu ya nyoka huuzwa dukani kwa ajili ya kuua nyoka. Kinachotofautisha maana hizi si sarufi bali ni ujuzi wetu wa maisha. Tumeishi na panya na tumewaogopa nyoka. A-unganifu huunganisha nomino mbili na kumwachia msikilizaji kazi ya kujua zimeunganishwaje.

Katika 'kingamwili ya sungura' msikilizaji hana ujuzi wa kumsaidia. Fungu hilo laweza kuwa na maana tatu: kingamwili iliyotoka kwa sungura, kingamwili inayomkinga mtu dhidi ya sungura au ugonjwa wake, na kingamwili ya kupewa sungura. Maabarani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ile kingamwili ya pili hutoka kwa mbuzi na huishika ya sungura. Mtu akiziita 'kingamwili ya sungura' na 'kingamwili ya mbuzi', mwanafunzi mgeni anaweza kuchagua chupa isiyofaa na kuipoteza kazi ya juma zima. Maelezo kamili ya chupa moja yanahitaji mahusiano matatu yasiyochanganywa: imetoka kwa mnyama gani, inashika protini gani, na protini hiyo ni ya kiumbe gani. Kuyapanga yote matatu kwa a-unganifu peke yake ni kumtupa msomaji msituni.

Dawa ya utata huu tunayo. Kiswahili kina virejeshi na vitenzi vinavyosema waziwazi: 'kingamwili iliyotoka kwa sungura, inayoishika protini fulani ya binadamu'. Ni fungu refu kuliko lile la Kiingereza, lakini urefu si dosari pale ambapo ufupi unapotosha. Baadhi yetu tungependa kutumia 'dhidi ya', na katika maandishi ya wataalamu kwa wataalamu halina madhara. Kwa mgonjwa lina madhara. 'Dhidi ya' ni lugha ya vita na mahakama. Anayesikia 'kingamwili dhidi ya protini yako' atadhani kuwa protini yake ni adui anayepaswa kuangamizwa, ilhali mtafiti anataka kujua tu kama imo au haimo.

Kinga, fingo au kitambuzi?

Kosa langu la pili lilikuwa katika nomino yenyewe. 'Kingamwili' ni neno zuri. Limeundwa kwa kuambatanisha 'kinga' na 'mwili', linatamkika, na ngeli yake ya I-ZI haina usumbufu. Wapo pia wanaotumia 'fingomwili'. Fingo, kama wajuavyo wasomaji wa fasihi simulizi, ni kago linalozikwa ardhini ili lilinde mji au shamba. Neno hili lina utamu wa utamaduni, ila linabeba pia dhana ya uganga, na fingo hulinda dhidi ya kila ajaye kwa ubaya, ilhali kingamwili humjua adui mmoja tu.

Yote mawili yanaeleza kazi ya kingamwili ndani ya mwili wa mwenyewe, yaani kulinda. Lakini kingamwili iliyotoka kwa sungura, ikishafika maabarani, haimlindi yeyote. Imekuwa chombo cha kutambulia. Mama yule aliposikia neno 'kinga' alifikiri kama anavyofikiri mtu mwenye akili timamu: kinga huwekwa mwilini. Chanjo ni kinga, na chanjo hudungwa. Kwa hivyo swali lake, "Mtanidunga wapi?", lilikuwa hitimisho sahihi la maneno niliyompa.

Sipendekezi kulitupa neno 'kingamwili'. Limekwisha kukubalika na ni la lazima tunapozungumzia ugonjwa na chanjo. Ninachopendekeza ni kwamba katika matini zinazolenga umma, pale ambapo kingamwili inatumiwa kama chombo, itajwe kwa kazi yake: 'kitambuzi'. Neno hili linatokana na kitenzi 'tambua', liko katika ngeli ya KI-VI pamoja na vyombo vingine, na halimwahidi mtu kinga asiyopewa.

Kitambuzi kinapomfananisha mtu na asiye yeye

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni matatizo ya wafasiri, na kwamba wanasayansi wenyewe hawababaishwi na majina. Mfano ufuatao unaonyesha vingine.

Erithropoietini ni homoni inayotengenezwa zaidi na figo, nayo huchochea utengenezaji wa chembechembe nyekundu za damu. Nchini Kenya jina lake fupi, EPO, limejulikana kupitia habari za kusikitisha za wanariadha waliopigwa marufuku kwa kuitumia. Hospitalini hata hivyo ni dawa halali ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo na baadhi ya wagonjwa wa saratani. Mwaka 2003 utafiti mmoja uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo ulizua hofu, kwani waliopewa dawa hiyo walionekana kuwa na hali mbaya kuliko wasiopewa. Swali likawa: je, seli za saratani zenyewe zina kipokezi cha homoni hiyo, kiasi kwamba dawa inaustawisha uvimbe?

Watafiti wengi walilijibu swali hilo kwa kutumia kingamwili. Mojawapo iliyotumiwa sana ilikuwa ya nasaba nyingi, iliyotoka kwa sungura. Vipande vya uvimbe vilitoa rangi na makala yakaandikwa kwamba kipokezi kimo. Kisha mwaka 2006, katika jarida la Blood, Steve Elliott na wenzake walieleza kuwa kipokezi halisi kina uzito wa kilodaltoni 59 hivi, na kwamba mstari wa uzito wa 66 ambao kingamwili hiyo iliuonyesha ulikuwa wa protini nyingine, HSP70, ambayo hupatikana kwa wingi katika seli nyingi. Yaani, shahidi alimwonyesha kidole mtu mwingine. Ni haki kusema kwamba waandishi hao walitoka katika kampuni iliyokuwa ikiuza dawa yenyewe, jambo linalompasa msomaji kuwa macho. Hata hivyo hoja ya uzito ni hoja ambayo mtafiti mwingine yeyote anaweza kuikagua kwa mikono yake.

Tuzingatie kwamba kosa hilo halikuthibitisha kuwa dawa ilikuwa salama. Majaribio ya wagonjwa yaliendelea kutia wasiwasi, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liandikwe kwenye dawa za aina hiyo. Kilichoporomoka ni ushahidi uliotegemea kitambuzi kisichokaguliwa. Mgonjwa na daktari wake walihitaji jibu, nao wakapewa rangi.

Tangu hapo kilio kimeongezeka. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 walijiunga na wito uliochapishwa katika jarida la Nature wa kutaka kingamwili za utafiti zisanifishwe. Mwaka uliofuata kundi lililoongozwa na Mathias Uhlén wa Uswidi lilipendekeza njia tano za kuzikagua. Kundi lake ndilo lililoanzisha mwaka 2003 mradi wa kuziorodhesha protini zote za binadamu kwa kutumia, kwa sehemu kubwa, kingamwili za nasaba nyingi zilizotoka kwa sungura na kusafishwa kwa makini. Njia mojawapo ya ukaguzi ni rahisi kuielewa: chukua seli ambazo jeni ya protini ile imeondolewa. Kingamwili ikiendelea kuonyesha mstari uleule, basi inasema uongo. Aidha, mwaka 2020 kituo cha Umoja wa Ulaya kinachoshughulikia njia mbadala za majaribio ya wanyama kilipendekeza kwamba wanyama wasitumiwe tena kutengenezea kingamwili, bali zitengenezwe kwa njia zisizowahusisha. Hivyo, huenda jina la sungura litatoweka taratibu katika chupa hizo.

Karatasi iliyoandikwa upya

Baada ya kisa cha mama yule, mwenzangu alinishauri nilifute neno 'sungura', kwa kuwa ndilo lililoleta balaa. Nilikataa. Mtu anapoombwa kipande cha mwili wake ana haki ya kujua kitafanyiwa nini na kwa kutumia nini. Huenda ana mwiko wa ukoo, imani ya dini au huruma kwa wanyama. Kumficha ili akubali ni kuinyang'anya ridhaa maana yake. Tuliandika hivi:

'Kipande cha uvimbe kitakachokuwa kimekwisha kuondolewa mwilini mwako kitapelekwa maabara. Huko, protini zake zitapimwa kwa kitambuzi kilichotokana na damu ya sungura. Kitambuzi hicho hushikana na protini moja tunayoitafuta, na hutuonyesha kama imo au haimo. Hakuna chochote kilichotoka kwa sungura kitakachoingizwa mwilini mwako. Ukikataa, matibabu yako yataendelea kama kawaida.'

Sentensi moja imekuwa tano. Kamati ya maadili ilipoipitisha karatasi hiyo, ilisomwa kwa wagonjwa waliofuata, na hakuna aliyeuliza tena atadungwa wapi. Waliuliza mengine: kipande kitahifadhiwa kwa muda gani, nani atayaona majina yao. Hayo ndiyo maswali ambayo karatasi ya ridhaa inapaswa kuyazua. Wengine walikubali na wengine walikataa.

Mama yule hakusomewa karatasi mpya. Aliyekwisha kukataa harudiwi, na kanuni hiyo ni njema. Alikataa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amekusudia kumtendea, na kukataa kwake kumebaki katika kumbukumbu za utafiti kama kukataa kwingine kokote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kingamwili iliyotoka kwa sungura ni chombo cha kutambulia protini, kwamba ubora wake hutegemea kukaguliwa, na kwamba fungu tunalolitumia kuitaja lina utata unaotokana na a-unganifu pamoja na nomino yenyewe. Tumeona pia kuwa mwanasayansi na mfasiri hukabiliwa na swali moja: je, hiki nilichokishika ndicho nilichokusudia kukishika? Mwanasayansi hulijibu kwa kutumia seli zisizo na protini husika. Mfasiri naye ana kipimo chake, nacho hakigharimu fedha. Amsomee tafsiri yake mtu asiyeijua matini ya asili, kisha amwombe aeleze alichokielewa. Mimi sikufanya hivyo jioni ile.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Karatasi za ridhaa, maelezo ya dawa na matokeo ya vipimo yatazidi kutufikia sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni. Tusiyapokee kama kazi ya jioni moja.

Maswali ya mjadala

1. Tafuta jozi nyingine tatu za mafungu ya maneno yenye muundo wa 'sumu ya nyoka' na 'sumu ya panya'. Ni nini kinachomsaidia msikilizaji kutofautisha maana?
2. Linganisha 'kingamwili', 'fingomwili' na 'kitambuzi' kwa kuzingatia uundaji wa maneno, ngeli na maana anayoipata asiye mtaalamu.
3. Je, ni halali kwa mfasiri kuongeza sentensi isiyokuwamo katika matini ya asili, kama vile 'Hakuna chochote kilichotoka kwa sungura kitakachoingizwa mwilini mwako'? Toa hoja za pande zote mbili.
4. Chagua istilahi moja ya maabara iliyotokana na jina la mtu au mzaha. Eleza utakavyoitafsiri na sababu zako.